Upande wa Kulia

Lihumbo alimleta farasi ndani ya kopo la maziwa ya unga,
amemviringisha kwa kipande cha kanga kama andazi la moto.
Mpingo mtupu. Shubiri moja na nusu toka pua hadi mkia,
mguu mmoja juu, kana kwamba amekanyaga kaa.
"Nanenane, Ngongo," akasema. "Mvalishe."

Mimi ni fundi viatu, hapa Ndoro, Lindi mjini.
Najua soli, najua kisigino kilicholalia upande.
Farasi sijapata kumwona. Lihumbo naye hajamwona,
alimchonga kutoka kalenda kuukuu ya duka la mbolea,
na kalenda ilimwonyesha upande wa kushoto tu.
Ule wa kulia, akasema, tutajaza wenyewe.

Ulimi wa kiatu cha karani mmoja
aliyehamishwa asirudi kukidai
ndio uliotoa hatamu.
Niliuparua kwa kigae cha chupa
mpaka ukapitisha mwanga kama ganda la kitunguu.
Bizimu nne nikazikunja kwa waya wa chaja iliyokufa,
kila moja ndogo kuliko punje ya mtama,
kila moja na kijiti chake, na kijiti kina tundu lake,
maana kifungo kisichofunguka ni uongo wa kung'aa.
Uzi nikaufumua, nikachukua unyuzi mmoja, nikaupaka nta.
Mishono kumi na minne katika urefu wa kucha ya gumba.
Nilihesabu nimeshika pumzi;
mteja mwenye kandambili iliyokatika akasubiri.

Lijamu ndiyo iliyonitoa jasho.
Farasi alichongwa kinywa kimefumbwa.
Utamtia wapi chuma mnyama aliyekataa kusema?
Yeye: gundisha.
Mimi: gundi itaonekana.
Yeye: mpingo ukipasuka, wa kwako.
Mwisho akapasha msumari kwenye jiko langu la mkaa,
kinywa kikafunguka kwa moshi mdogo.
Nami niligeuka. Siwezi kuona jino likitobolewa, hata la mti.

Halafu ukanda wa tumbo ukapungua.
Nilipima alfajiri, ngozi ingali na unyevu;
adhuhuri jua likaikunja, pungufu ya punje moja ya mchele.
Kwa kiatu cha mtu mzima, si kitu.
Kwa huyu, ni mbavu.
Nikafumua wote. Nikala ming'oko iliyopoa. Nikaanza upya.

Kushoto niliifuata kalenda.
Kulia nilifuata miguu ya watu.
Miaka kumi na tisa napokea viatu vyao vingali na joto,
nimejua ukanda unapomla mtu:
pale mfupa unapokaribia ngozi,
pale nyama inapojikunja akipiga hatua.
Nikampapasa farasi chini ya taya, nyuma ya kiwiko, begani,
na kila mfupa niliokutana nao
nikauachia nafasi ya unene wa wembe.

Ngongo ilikuwa vumbi na vipaza sauti,
na trekta jekundu ambalo kila mtu alipigia picha.
Mwamuzi, mama wa mifugo kutoka Nachingwea,
miwani inaning'inia kifuani kwa kamba,
hakutazama kushoto hata kidogo.
Alimgeuza. Akapitisha uzi chini ya ukanda wa kifua,
akafungua bizimu moja kwa ncha ya kalamu, akaifunga tena.
"Umewahi kumpanda?"
"Sijawahi kumwona."
Akaandika kitu. Kirefu.

Tukapata ya pili.
Ya kwanza ilikwenda kwa mkokoteni wa bati,
magurudumu yake yalizunguka, kusema kweli, vizuri sana.
Lihumbo alinuna mpaka giza lilipoingia.

Kabla ya kumrudisha koponi
nikaulegeza ukanda wa tumbo, tundu moja.
"Huyo ni mti," Lihumbo akasema.
Sikumjibu.
Kopo lilikuwa jembamba, na barabara ya kurudi ina mashimo.